Kaseti Tatu za Mkunga

Juzi hapa Mikumi, mwanafunzi wangu wa muziki aliniuliza asikilize nini ili apige filimbi ya bati kama Waskoti. Nilipofika kwenye zumari la mfuko, niliishia hapo. Wewe acha nikusimulie kwa nini.

Nilikuwa darasa la sita, nikiishi kwa bibi, upande wa Zombo. Jirani yetu alikuwa mkunga kutoka Uskoti, mama mrefu aliyekula ugali kwa mlenda kutushinda. Alinipa filimbi ya bati yenye matundu sita, redio na kaseti tatu: ya kwanza mwanamke akiimba polepole bila ala, ya pili fidla, ya tatu zumari la mfuko. "Usipulize kabla hujaweza kuuimba wimbo kwa mdomo," alisema. Zumari lile hupata hewa kutoka kwenye mfuko unaobanwa kwapani, hivyo halinyamazi, kwa hiyo mpigaji hutenganisha noti kwa kuinua kidole upesi, ukatoka mlio mkali wa ghafla. Nilikichezesha kidole hicho hata nikipepeta mchele, bibi akinikemea.

Mwaka ule wakulima na wafugaji hawakuwa wakisalimiana. Ng'ombe walishaingia mashambani mara mbili, na wanaume walikubaliana kwamba atakayewaona tena apulize filimbi, wote watoke. Sisi watoto hatukuambiwa.

Asubuhi moja, nikifukuza ndege kwenye mpunga, nilipiga wimbo wa kaseti ya tatu kwa nguvu zangu zote. Katikati nikasikia miguu. Wanaume walitokea na mapanga, mjomba wangu mbele. Pale njiani, kando ya shamba, mzee mmoja mfugaji alikuwa akipeleka ndama mnadani. Wakamzunguka. Akaweka fimbo yake chini taratibu.

"Umeingiza ng'ombe wangapi?" mjomba aliuliza.

"Ninaye huyu tu, na nimepita njiani."

"Filimbi imelia."

Nikatoka kwenye mpunga. "Shikamoo mjomba. Ni mimi niliyepuliza."

Hakuitikia. "Umeona ng'ombe?"

"Hapana. Nilikuwa napiga wimbo."

"Upige."

Midomo ilikuwa mikavu. Ilitoka hewa tu, na mwanamume mmoja akamsogelea mzee. Nikafumba macho, nikauimba kwanza moyoni, kisha vidole vikaanza. Nilipofumbua, panga la mjomba lilikuwa limeshuka. "Marahaba," alisema, akageuka, na wenzake wakamfuata.

Mzee aliokota fimbo. "Mjukuu wangu, hukuumaliza," alisema. "Umalizie."

Nilishindwa, nilikuwa nalia. Nikamwahidi kumpigia siku nyingine akipita.

Kabla ya mavuno familia yake ilihama, na hakuna aliyejua walikoelekea. Mkunga alirudi kwao, bibi alifariki, na shamba lile limejaa nyumba. Wimbo ninaujua sasa hadi mwisho, na nimewapigia watu wengi. Aliyeniomba hajausikia.