Hataza ya Migomba

Kazi yangu ni ya kukaa. Katika chumba nilichopanga Buhembe nafungua kompyuta, nasoma orodha ya kampuni za ng'ambo zilizonunuliwa na kampuni kubwa zaidi, na kila moja naiandikia namba moja ikiwa ni ya teknolojia ya juu, sifuri ikiwa siyo. Naangalia pia hataza zake, yaani haki za kumiliki uvumbuzi. Mtafiti aliyeniajiri yuko mbali, wala hana ubaya. Ana kanuni tu.

Mwaka huu mnyauko, ugonjwa unaoua migomba, uliingia kwenye kibanja cha mama, yaani shamba lake la migomba, kijijini Kimwani. Bwana shamba alimwambia ang'oe kila shina lililougua. Mama aling'oa yote isipokuwa migomba inayozunguka kaburi la baba, kwa kuwa baba aliipanda mwenyewe. "Hiyo siigusi," alisema, na mama akisema hivyo, hata padri humwacha.

Ndipo kwenye orodha nikakutana na kampuni ndogo ya miche yenye hataza ya kuufanya mgomba usishikwe na mnyauko. Nilipiga kelele peke yangu. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikampigia mama palepale, naye akalia kwa furaha.

"Waambie nasubiri," akasema.

Kesho yake nikafuatilia. Mnunuzi alikuwa ameifunga maabara, akabaki na hataza asiyoitumia wala kumruhusu mwingine aitumie. Tena kwa kanuni yetu, kampuni ya miche ni kilimo, kwa hiyo sifuri. Nilimwandikia mtafiti kwa hasira kwamba kama hii siyo teknolojia, basi sijui teknolojia ni nini. Akajibu kwa upole kuwa kanuni haibadilishwi kwa ajili ya kampuni moja. Nikaandika sifuri. Nilikata tamaa kabisa, nikaichukia ile kompyuta na vyote vilivyokuwa ndani yake.

Jumamosi nikaenda Kimwani. Majani pale kaburini yalikuwa yamenyauka, na ugonjwa ulikuwa umeanza kwa jirani. Mama hakungoja hata niketi.

"Dawa iko wapi?"

"Kampuni imenunuliwa, mama. Walioinunua wameifungia dawa."

"Mtu ananunua kitu ili kisitumike?"

"Ndiyo."

Alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto aliyepunjwa dukani. Kisha akachukua panga, akalipitisha kwenye moto lisieneze ugonjwa, kama bwana shamba alivyomfundisha, akaenda kaburini. Nikamwomba aniachie mimi, akakataa.

"Wewe shika shina," akasema, "lisimwangukie baba yako."