Nywele za Kupeleka Kwenye Kinu

Siku yangu ya kwanza kazini Lodwar nilitarajia mashine. Mkuu wa kituo cha utafiti akanipa makasi na vifuko vya plastiki. "Kazi ya nyuklia inaanzia hapa," akasema, nami nikadhani ananitania.

Hakuwa na utani. Nchi yetu haikuwa na kinu cha nyuklia cha utafiti, kwa hiyo sampuli za nywele tulizituma ng'ambo. Ninyi vijana mkisikia nyuklia mnawaza mabomu. Kinu hicho ni kidogo, hata umeme hakitoi. Kazi yake ni kuzalisha nyutroni, chembe ndogo mno. Nywele zikipigwa na chembe hizo, madini yaliyomo hutoa miale, na kila aina ina miale yake. Ndivyo tulivyojua nani anakunywa arseniki, sumu isiyo na rangi wala ladha.

Nilipohamishiwa Kakuma, msimamizi wa utafiti alinipeleka kwa Mama Ekai, mfugaji mwenye kisima katika mto mkavu. Alikichimba na marehemu mumewe, na hakuna aliyechota bila ruhusa yake. Wajukuu zake walikuwa wameota madoa viganjani. Tulishuku maji.

"Ejok, mama," nikamsalimu, nikamweleza shida yetu.

"Nywele yangu mnapeleka wapi? Mchawi pia anaanza na nywele."

Msimamizi akaninong'oneza nimwahidi kuwa zitarudishwa. Nilikasirika. Njia ya mwongo ni fupi, na nywele zikitoka kinuni hubaki na miale, hufungiwa huko huko pamoja na taka zake. Nikamwambia mama ukweli: hazitarudi.

"Na wewe umetoa yako?"

Nikavua kofia. Kipara kitupu. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa kuwa kucha nazo hupimika, nikakata zangu mbele yake na kuzitia kwenye kifuko. Ndipo akainamisha kichwa chake chenye visuko.

Majibu yalipokuja nilitamani mwingine ayapeleke. "Mama, kisima kina sumu."

Hakubisha. Alikaa ukingoni, akaanza kusukuma mchanga ndani kwa mikono.

"Mzee wangu angekuwa hapa," akasema, "yeye ndiye angefukia."

Nilipiga magoti nikamsaidia. Nililia, sioni haya kusema.

Sasa nimestaafu. Kinu chenyewe sikuwahi kukiona. Madoa ya wale watoto hayakuongezeka. Mama Ekai huteka maji kwenye bomba la mbali, na kila nikipita kwake, mimi niliyemfungia kisima, hunimiminia kikombe cha maji hayo kabla hajanywa yeye.