Kitambaa Cheupe Ng'ambo ya Mto

Siku yangu ya kwanza kwenye pantoni ya mto Kilombero nilipewa upondo, ule mti mrefu wa kupimia kina, nikaambiwa nisimame mbele na kupaza sauti kila mchanga unapokaribia. Nahodha wetu, Mpogoro wa Mahenge asiyependa maneno mengi, akanionyesha ng'ambo.

"Mengine utajifunza taratibu," akasema. "Lakini ukiona kitambaa cheupe juu ya mti kule, niite hata kama ninakula. Hicho hakingoji pantoni ijae."

Vijana mnaopita darajani leo kwa pikipiki hamjui kungoja kivuko. Pantoni ilikuwa sahani ya chuma yenye injini mbili kuukuu, na hatukuondoka mpaka magari yajae. Kwa mgonjwa tu hatukungoja. Jamaa zake walifunga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, nasi tukamfuata hata pantoni ikiwa tupu, maana hospitali ilikuwa upande wetu wa Ifakara. Haikuandikwa popote. Ilikuwa desturi ya mto, na watu wengi walipona kwa desturi hiyo.

Miaka ya tisini tukaletewa Mkuu wa Kivuko mpya, mtu wa mjini, shati limenyooshwa na ulimi mwepesi kufoka. Kiangazi kimoja akatutangazia kwamba treni ya watalii ingesimama Ifakara kutwa nzima. Tungewapandisha wageni juu mtoni kuona viboko, kisha wangekula chakula cha mchana kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto. Mitumbwi yote ifungwe upande wetu, isisumbue wanyama. Na watu wa ng'ambo wapambe ukingo kwa vitambaa vyeupe, wawapungie wageni.

"Mkuu, vyeupe ni vya wagonjwa," Nahodha akasema. "Vikijaa, mgonjwa tutamjuaje?"

"Siku hiyo hakuna mgonjwa."

"Nani kawaambia wasiugue?"

"Wewe endesha chombo, Nahodha. Mapambo niachie mimi."

Wageni wakaja, wote wazee, wapole, wamewiva kwa jua. Ng'ambo kulikuwa kweupe kama siku ya Komunyo ya Kwanza. Tuliona viboko, tukatia nanga kisiwani, meza zikatandikwa, kuku wakaletwa. Wanakijiji walikwisha kuchoka kupunga na kwenda kivulini, isipokuwa mtu mmoja. Mama mmoja wa Kizungu, aliyenigawia biskuti zake, akamwonyesha mkalimani wao mtu huyo kwa kidole.

"Anawachezea ngoma ya kuwakaribisha," mkalimani akamweleza.

Wageni wakapiga makofi, wakampungia leso zao za mezani, nazo nyeupe. Yule mtu akazidi kurukaruka. Nikamtazama vizuri. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni, na mto wetu una mamba. Hakuna mtu wa bonde hili anayeingia maji ya kiunoni ili acheze ngoma.

"Nahodha! Yule yumo ndani ya maji!"

Nahodha akaitupa sahani, akakimbilia injini.

"Wageni hawajamaliza kula!" Mkuu akafoka.

"Basi waendelee kula," Nahodha akajibu, tukawaacha palepale mchangani.

Yule mtu alikuwa Deo, mkulima wa mpunga. Mkewe, Paskalina, alikuwa amejifungua alfajiri, na damu haikukata. Alilazwa juu ya kitanda cha kamba, chini ya mapambo yetu.

"Napunga tangu mlipopita kwenda juu," Deo akasema, sauti imemkauka. "Mkanipungia."

Tukakipakia kitanda na mgonjwa wake, tukageuza pantoni. Paskalina alifariki kabla hatujagusa ukingo wa Ifakara. Mimi nilisimama mbele na upondo, nikiendelea kupaza sauti ya kina, kwa kuwa hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Tuliporudi kuwachukua wageni, yule mama aliuliza kama mcheza ngoma alifurahi kupandishwa pantoni. Mkalimani akanitazama. Nikageuka.

Nahodha aliondolewa kwa kosa la kuwatelekeza wageni. Walimpeleka Mlimba kusimamia malori ya kokoto, na hakushika usukani tena hadi alipofariki. Mkuu alipandishwa cheo. Pensheni yangu nimeipata, lakini hasira hiyo haijastaafu.

Watu wa ng'ambo hawakutundika tena kitambaa. Wakawa wanagonga debe, nasi tukajifunza kusikiliza katikati ya kelele za injini.

Siku yangu ya mwisho kazini, vijana wa pantoni walinipikia pilau na kupamba chombo ili waniage. Walikuwa wamefunga vitambaa vyeupe kuanzia mbele hadi nyuma, hata ng'ambo ikawa haionekani vizuri.

"Keti ule, mzee wetu," wakasema. "Leo ni siku yako."

Nikawaomba wanipishe. Nikavifungua vitambaa vyote kwa mkono wangu, kimoja baada ya kingine, nikasimama nikatazama ng'ambo. Hapakuwa na mtu. Ndipo nikaketi, nikala.