Firigisi ya Mwalimu wa Michezo

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wasichana wangu wa voliboli pale Kitale walilijua hilo kabla hawajashika hata jina langu. Nilikuwa mwalimu wa michezo asiye na jimu wala mashine. Nilichokuwa nacho ni simu, bando, na video za wanamichezo wa ng'ambo wakirukia masanduku. Basi nikajiona mtaalamu. Nikajaza saruji kwenye mikebe ya rangi, nikachomeka bomba la chuma katikati, hivyo vikawa vyuma vyetu vya kunyanyua. Masanduku hatukuwa nayo, kwa hivyo tulitumia jukwaa la gwaride: panda, ruka chini, ukigusa sakafu ruka tena juu. Na chini pale ni simiti tupu. Video zilieleza pia siku za kupumzika, lakini sehemu hiyo sikuitazama. Niliona ni maneno ya watu walioshiba. Sisi tulifanya kila asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi.

Kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa wakulima wa Bumula kule Bungoma. Mrefu, mkimya, na akiruka pale kwenye neti unasahau kupuliza filimbi. Mashindano ya kaunti yalikuwa yanakaribia, na nilikuwa nimeshajigamba kwa walimu wenzangu kwamba huyu atatufikisha mbali. Asubuhi moja akanijia ameshika muundi wa mguu. "Mwalimu, hapa kunaniuma." Nikamwambia apake dawa ya kuchua. Wiki iliyofuata akarudi. "Mwalimu, hata usiku silali."

Hapo nikapandwa na mori. Nikawasimamisha wenzake wote. "Hebu mwoneni malkia! Nyinyi mnafanya kazi, yeye ati anaumwa. Anaumwa na uvivu!" Wakacheka, maana mimi nikitania ilibidi wacheke. Nikamtwika gunia la mchanga mabegani, azunguke uwanja mara tano. Mzunguko wa tatu akakaa chini. Hakulia. Nikampigia kelele ainuke, naye akajaribu. Mungu wangu, alijaribu kweli.

Hospitalini daktari, mama mmoja mpole, alininyooshea picha ya eksirei. Mfupa ulikuwa na ufa. "Hii si ya leo," akasema. "Mfupa wa mtoto umechoshwa, umekuwa ukipasuka polepole wiki kadhaa. Hakukuambia?"

Nikasema hakuniambia. Uongo ulitoka mdomoni kabla sijaufikiria. Msichana mwenyewe alikuwa amekaa pale pale kitandani, anasikia kila neno.

Akafungwa plasta, wazazi wake wakaja kumchukua. Mimi nikabaki na timu, na kila nikilitazama lile jukwaa moyo unanisuta. Mwishowe, Jumamosi moja, nikaamua: naenda Bumula, nawaambia wazazi ukweli wote. Kwamba aliniambia mara mbili. Kwamba nilimcheka. Wanitukane, wanishtaki kwa mkuu wa shule wakitaka. Niliyakariri maneno hayo njia nzima.

Sasa mapokezi niliyoyapata! Mama yake alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwalimu! Umetoka kule Kitale kote kuja kuona mtoto?" Hata sijakaa, nikasikia kuku anakimbizwa nyuma ya nyumba. Nikasema, "Mama, usijisumbue, sikai sana." Akacheka. "Ati nisijisumbue! Mgeni atoke hapa bila kuku, majirani waseme nini?"

Chakula kikaja, ugali na kuku wa mchuzi. Baba yake akaomba, akamshukuru Mungu kwa mwalimu anayependa watoto wa wenzake. Kisha akachukua firigisi kwenye bakuli. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, mkewe mwenyewe hathubutu kuionja. Akaiweka kwenye sahani yangu. "Leo ni yako, mwalimu. Wewe ndiye baba yake huko shuleni."

Nilifungua mdomo niseme. Haki ya Mungu nilifungua. Lakini mama alinitangulia, akamgeukia binti yake aliyekuwa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha.

"Shida ya huyu ni kunyamaza. Si ungemwambia mwalimu mapema? Mwalimu angejua aje na wewe husemi? Sasa umeona?"

Msichana akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

Nami nikaitia firigisi mdomoni. Nikaitafuna muda mrefu, ili nisipate nafasi ya kusema. Nilimwacha mtoto akemewe kwa kosa langu mimi, na nilipoulizwa kama niongezewe mchuzi, nikasema ndiyo.

Wakati wa kuaga, msichana mwenyewe akasema atanisindikiza. Tukaenda polepole hadi kwenye lango, yeye na magongo yake. Wazazi walibaki wamesimama mlangoni, hatua ishirini hivi nyuma yetu. Ningeweza kugeuka hata wakati huo. Mwenye boda aliyekuja kunichukua alikuwa ameshawasha pikipiki.

"Mwalimu, usiogope," akaniambia kwa sauti ya chini. "Niliwaambia vile tu ulimwambia daktari, kwamba sikukuambia."

Nikatazama plasta yake, iliyokuwa imechafuka kwa vumbi la uani.

"Si utaniwekea jezi yangu?" akauliza. "Nikipona nitaruka yote. Tena sitasema nikiumwa."

Nikamwambia jezi ipo. Kisha mimi, mtu mzima mwenye watoto wangu, nikamwambia asante, nikawapungia wazazi wake mkono, nikapanda boda.