Majani ya Kiota cha Chozi

Fundi wa kupaka rangi nyumba alikuwa na starehe moja tu: kuchora ndege wa porini. Safari hii ndege mdogo aitwaye chozi alikuwa ametaga kwenye mndimu nyuma ya nyumba, na makinda mawili yameshatoka. Majani yalimziba fundi asiyaone makinda vizuri. Basi akayakata majani kwa mkasi, akachora, roho yake kwatu. Kesho yake kunguru naye akayaona makinda vizuri. Kiota kikabaki kitupu.

Mkewe akaitundika picha sebuleni. "Baba watoto, wewe kiboko! Ila mbona hukuweka majani?"

Mkewe alipotoka, fundi aliishusha picha, akachovya brashi kwenye rangi ya kijani, akapaka jani juu ya jani mpaka makinda yasionekane tena.