Mlango Niliouweka Kushoto

Njia ya samaki tuliyoijenga kando ya ukuta wa bwawa, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kutoka kwangu Bredäng, huku Uswidi, ina vidimbwi kumi na viwili vilivyopandana kama ngazi. Samoni huruka kutoka kimoja hadi kingine mpaka mto wa juu, kwenye changarawe anakotagia. Mtambo wa umeme ulikuwa umewafungia njia ya huko juu tangu kabla sijazaliwa.

Sikusomea kazi hii. Mimi ni fundi wa zege. Mambo ya samaki nilijifunza katika maktaba ya Sundbyberg, kamusi pembeni, nikinakili kwenye madaftari. Mkandarasi aliyaona madaftari hayo akaniachia nichague mahali pa mlango wa chini, samaki wanapoingilia.

Samaki anayepanda hufuata maji yenye nguvu, kwa hiyo mlango huwekwa karibu na yanapotokea. Nilipima Julai, siku tisa mfululizo. Maji yalitokea kushoto. Nikapiga vigingi kushoto.

Sikujiuliza kwa nini. Julai Waswidi wako likizo, na mtambo ule huzimwa ili ukaguliwe. Maji hupitishwa kwenye lango la akiba, upande wa kushoto. Likizo hiyo niliijua vizuri. Ndiyo iliyofanya niwe peke yangu pale, bila mtu wa kumuuliza.

Oktoba, mwenzangu tuliyemwaga naye zege, Mkongo wa Bukavu, aliniita kutoka kwenye ukingo wa daraja lililo chini ya bwawa.

"Mukubwa, kuya uone! Samaki beko banagonga ukuta."

"Wangapi?"

"Weye na hesabu zako! Kuya kwanza."

Mtambo ulikuwa unafanya kazi, na maji yote yalitoka kulia. Samoni walikuwa wamejazana hapo wakirukia zege tupu, pua zimechubuka hadi weupe. Kwenye mlango wetu maji yalichuruzika tu.

"Tuwavue na wavu, tuwapandishe na ndoo," alisema. "Leo hii."

"Kinatakiwa kibali."

"Kibali? Samaki iko na mayai kwa tumbo! Weye Mutanzania, unaogopa karatasi kuliko simba."

Nilipiga simu ofisi ya mkoa. Mama mmoja mpole aliniambia nitume maombi kwa maandishi, yatajibiwa kwa zamu. Niliyaandika siku hiyo hiyo, nikaambatisha mchoro. Mwenzangu aliweka ndoo sita juu ya ukuta, akazigeuza mdomo chini, akaenda kupanda basi.

Kibali kilifika baada ya siku kumi na moja. Kila siku nilikwenda nikatazama. Siku ya saba niliona mayai ya rangi ya chungwa yamenasa kwenye nyufa za zege chini ya mtambo, na samaki wadogo wakiyadonoa.

Msimamizi wa ujenzi alinishauri niandike kwenye ripoti kwamba samaki walishindwa kupanda kwa sababu mwaka ulikuwa na mvua chache. Niliandika kwamba mlango uko mahali pasipofaa na kwamba niliyepachagua ni mimi.

Siku kibali kilipofika tulipandisha samoni kumi na wanne kwa ndoo zile. Majike walikuwa watano. Nilimpapasa kila mmoja tumbo kabla ya kumwachia, mwenzangu akishika ndoo. Matumbo yote matano yalikuwa yamelegea, matupu.