Mama Kisu na Samaki Asiowala

Katika soko lile mnunuzi hamuulizi mwenye samaki. Mwenye samaki ana kila sababu ya kumsifia hata aliyeanza kulegea macho. Mnunuzi humuuliza mpara samaki, yule anayeondoa magamba na kutoa matumbo, kwa sababu yeye hulipwa vilevile, samaki awe wa leo au wa juzi. "Wewe ungechukua yupi?" Mpara samaki akishajibu, mjadala umekwisha.

Aliyeaminiwa kuliko wote alikuwa mwanamke waliyemwita Mama Kisu. Meza yake ilikuwa ya mwisho, imebanwa kati ya ukuta na mfereji wa maji machafu. Akitaka kutoka ilimbidi ageuke upande na kumwomba jirani yake asogeze ndoo.

"Huyu," alikuwa akisema, huku akimgonga samaki kwa mpini wa kisu. "Huyu hata mimi nampeleka nyumbani."

Na kweli alimpeleka. Lakini aliyemla ni mumewe, fundi viatu, na binti yao. Mama Kisu mwenyewe hakuwa ameonja samaki tangu mimba ya binti huyo, pale harufu ilipomgeuka asubuhi moja akakimbilia mfereji na kutapika. Waliomzunguka walimwambia akijifungua itaisha. Binti amekua, ameanza kuchumbiwa, na haijaisha. Mama Kisu alijifunza kupumulia mdomo tangu asubuhi hadi jioni, maana kazi nyingine hakuwa nayo.

"Mke wangu," mumewe alizoea kumtania akichambua miiba, "wewe ni kinyozi mwenye nywele hadi kiunoni."

"Kula unyamaze. Wakikusikia sokoni, viatu vyako pekee ndivyo vitakavyotulisha, na wateja wako wote wanatembea peku."

Walicheka, lakini kicheko hakibadilishi jambo. Aliyesikia "nampeleka nyumbani" alielewa "namla", na Mama Kisu alijua kwamba ndivyo anavyoelewa. Huo ni uongo, hata kama kila neno ndani yake ni la kweli.

Kwa miaka mingi uongo huo haukumgharimu kitu. Kisha akaanza kuishiwa pumzi akipanda ngazi za nyumba yao, akaenda kliniki. Alikwenda kwa hofu, kwa sababu mama yake mzazi alipigwa na kiharusi akalala kitandani upande mmoja umekufa, na ni yeye aliyemgeuza na kumlisha hadi mwisho. Damu ikapimwa. Mafuta yalikuwa yamepanda mno, akaandikiwa dawa.

Akapelekwa kwa muuguzi wa lishe. Alipofungua mlango tu, muuguzi akapiga makofi.

"Mama Kisu! Si wewe unayenipasulia vibua kila Jumamosi? Ah, wewe basi huna kazi ngumu." Akamweleza kwamba kuna mafuta mwilini yanayoumiza na mengine yanayofaa. Yanayofaa zaidi kwa hali yake yanaitwa omega tatu. Mwili hauwezi kuyatengeneza ya kutosha, lazima yaliwe, na yamejaa katika samaki wenye mafuta kama vibua na dagaa. "Wengine nawabembeleza wanunue. Wewe wanalala mezani kwako. Unakula, sivyo?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Neno moja lingetosha. Lakini muuguzi yule alikuwa mteja, wauguzi wenzake walikuwa wateja, na wagonjwa wao nao waliambiwa waende meza ya mwisho. Mama Kisu akaiona meza yake tupu.

"Nakula," akasema. "Kwa nini nisile?"

"Na vya kukaanga?"

"Mara mojamoja."

Vya kukaanga ndivyo vilivyokuwa chakula chake cha mchana siku zote: viazi kutoka kibandani nyuma ya soko, vilivyopikwa katika mafuta yaliyochemka na kupoa na kuchemka tena mpaka yakawa meusi. Alivipenda kwa sababu vilikuwa na nguvu ya kuifunika ile harufu.

Jioni ile alijaribu. Mumewe alimchemshia kibua kwa ndimu na tangawizi nyingi, akamwekea kipande kidogo. Alikitia mdomoni akafumba macho. Kikarudi. Akajaribu kesho yake, kikarudi tena.

"Basi mwambie muuguzi," mumewe alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba nimewadanganya wote?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

"Wewe unashona viatu. Hakuna anayekuuliza kama unavila."

Alipopimwa tena, mafuta hayakuwa yameshuka. Daktari alisoma kwamba mgonjwa anakula samaki, na vya kukaanga ni mara mojamoja tu, akaona chakula kimeshindwa, akaongeza dawa ya pili juu ya ile ya kwanza. Daktari hakukosea. Alitibu mwili alioelezwa, ila mwili huo haukuwa wa Mama Kisu.

Baada ya dawa ile misuli ikaanza kumuuma, na mikono ikamlegea. Siku moja kisu kilimteleza kikamchana kiganja. Jirani yake wa meza, aliyekuwa mcheshi, akamfunga kitambaa akisema, "Shoga, leo unajipara mwenyewe?" Mama Kisu hakucheka. Kliniki asingeweza kusema ukweli bila sokoni kusikia, na sokoni asingeweza kuendelea na mikono hii. Nyumbani kitanda cha marehemu mama yake bado kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na kila usiku alilala akikitazama.

Jumamosi iliyofuata muuguzi alikuja na kundi la wagonjwa wake. Mbele yao alisimama mwalimu mstaafu, mteja wa siku nyingi.

"Nimewaleta muone kwa macho," muuguzi aliwaambia. "Huyu ni mgonjwa kama nyinyi, na anakula samaki. Mama Kisu, hebu waambie, wiki hii umempika yupi? Na umempikaje?"

Walimsogelea mpaka nyonga zake zikagusa ukuta. Nyuma ukuta, pembeni mfereji, mbele nyuso zinazosubiri. Mwalimu alikuwa tayari amemshika kibua mkononi. Mama Kisu akaangalia kiganja chake kilichofungwa kitambaa.

"Mimi samaki sili," akasema.

Kundi likacheka, likidhani ni mzaha.

"Sitanii. Nikimtia mdomoni natapika. Sijala hata mmoja."

"Alaa!" Mwalimu akamrudisha kibua mezani. "Na siku zote unaniambia, 'huyu nampeleka nyumbani'?"

"Nampeleka, mwalimu. Anamla baba watoto."

"Kumbe mimi nimekuwa nakula chaguo la fundi viatu!"

Mtu mmoja akacheka peke yake. Mwalimu akahamia meza ya jirani, na wengine wakamfuata. Muuguzi alibaki, na hasira ilionekana usoni mwake.

"Daktari amekuongezea dawa kwa ajili ya samaki usiowala?"

"Ndiyo, dada."

"Na viazi?"

"Kila siku. Na tangu dawa ile misuli inaniuma."

"Jumatatu uje tumwone daktari, na hayo maumivu umweleze. Usiache dawa kwa kichwa chako. Viazi acha leo. Kama samaki hashuki, kuna mbegu za kitani, zisagwe utie kwenye uji, na kuna soya. Havifikii samaki, kwa sababu omega ya mbegu mwili unaibadilisha kwanza ndipo uitumie, tena kidogo tu. Lakini afadhali kidogo unachokula kuliko kingi unachonidanganya." Akaondoka bila kununua.

Daktari aliiondoa ile dawa ya pili, na mikono ikapata nguvu. Kipimo kingine bado kinasubiriwa. Lakini wateja walipungua, na waliobaki walimpa samaki ambaye wameshamchagua wenyewe, wakamgeuzia mgongo alipokuwa akipara. Hakuna aliyemuuliza tena angechukua yupi. Hilo lilimuuma kuliko upungufu wa kazi. Adhabu ilikuwa ya haki, na yeye mwenyewe hakuilalamikia.

Asubuhi moja mwalimu mstaafu akarudi. Alisimama kando kidogo, kama mtu aliyepita njia.

"Mumeo leo ungempa yupi?"

Mama Kisu aliwageuza samaki wote wa siku ile, akafunua mashavu yao mmoja mmoja. "Leo nisingempa hata mmoja. Njoo kesho."

Mwalimu akamtazama, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake mikono mitupu.

Mama Kisu akanawa kwa sabuni, akanawa tena kwa ndimu, akaketi kwenye ndoo yake kati ya ukuta na mfereji, akafungua bakuli la uji wenye kitani. Ulikuwa umepoa na kushika ute. Akainua kijiko. Vidole vilinuka samaki, na kijiko, na uji wenyewe. Akapumua kwa mdomo, akameza.